ZOEZI LA NGAMIA: NAMNA YA KUPINDA MGONGO BILA KUUMIA



Tangu kundi la jimnastiki lilipoanza mazoezi ya yoga, tunaona wengi ku uwanja jioni wakipinda mgongo kwa nyuma, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kushika visigino. Hapo ndipo hatari inaingia. Mgongo hauna piesi ya kununua sokoni.

Zoezi hili lilitoka India. Kwa Kisanskriti linaitwa Ustrasana: ustra ni ngamia, asana ni namna ya kukaa. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa kule, alilieleza katika kitabu chake Light on Yoga cha mwaka 1966. Wengine wanauliza: hii si dini ya wengine? Ni kweli, kwa Wahindu wengi yoga imeshikana na dini yao. Sisi tunachukua mazoezi ya mwili tu. Lakini mwenye kukatazwa na dhamiri yake ao na wazazi, mtu asimcheke. Akimbie ao acheze mpira.

Juu ya nini watu wanaumia? Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Zile za kifua zimeshikwa na mbavu, hazipindi sana. Za kiuno na za shingo zinapinda mbio. Basi mtu akifanya haraka, kifua kinabaki kigumu, na uzito wote unaanguka ku kiuno na ku shingo.

Tufwate hivi:

1. Hapana kufanya mara moja kisha kula bugali. Ngoja saa mbili ao tatu. Kwanza pasha mwili moto, nyoosha mapaja na mabega.

2. Piga magoti juu ya bulangeti iliyokunjwa. Magoti yaachane kadiri ya upana wa nyonga.

3. Weka viganja nyuma ku kiuno. Vuta pumzi, inua kifua juu. Kisha ndipo uegemee nyuma polepole. Mapaja yabaki wima. Kwa kupima, piga magoti mbele ya ukuta, mapaja yauguse. Yakiuacha, umezidisha.

4. Mwenye kuanza abaki hapo. Aliyezoea akunje vidole vya miguu ili visigino vipande, kisha ashike kimoja kimoja.

5. Hapana kutupa kichwa nyuma. Shingo ifwate kifua, kidevu kivutwe kidogo.

6. Pumua mara 3 mpaka 5. Pumzi ikikatika, rudi.

7. Kwa kurudi: mikono ku kiuno, kifua kitangulie, kichwa mwisho. Kisha kaa juu ya visigino, inama mbele, pumzika.

Mwenye ugonjwa wa mgongo, shingo ao magoti, mwenye ngiri, mwenye damu kupanda, mwenye kichwa kuuma, na aliyepasuliwa karibuni, wasifanye bila kuuliza munganga. Ukisikia maumivu makali, ganzi ao kizunguzungu, acha palepale na umwambie mwalimu. Hiyo si haya.

Neno la mwisho, tena ni la lazima: mtu asisukume mwenzake ao kumvuta mabega ili afike chini. Anayejua mwisho wa mgongo ni mwenyewe tu. Wakubwa wa mwaka wa mwisho, sisi ndio tuanze kuonyesha mfano mzuri, maana wadogo wanatutazama.

Mungu awalinde.

Wasimamizi wa wanafunzi