Fumbo la maneno lenye pande tatu ni zoezi la ubongo

WASOMAJI wengi wa magazeti, wakishamaliza habari za siasa na michezo, hugeukia fumbo la maneno. Mchezo huo ulioanzishwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World mnamo Desemba 21, 1913, una ndugu yake aliye mgumu zaidi: fumbo lenye pande tatu. Katika fumbo la kawaida maneno huenda kulia na chini. Katika hili huenda pia ndani, kana kwamba miraba imejengwa kama ghorofa.

Dereva wa lori anayesubiri stakabadhi za forodha mjini Isebania anaweza kulijaribu akiwa na penseli, kifutio na subira.

Kwanza, chora ghorofa zote kando kwa kando. Fumbo lenye vyumba vitatu kila upande lina ghorofa tatu na vyumba 27.

Pili, anzia pembeni, ambapo maneno matatu hukutana. Tuseme dokezo la kwenda kulia ni "maji yatiririkayo". Jibu ni MTO. La kwenda chini ni "mmea mkubwa", yaani MTI. Basi neno la kwenda ndani lazima lianze kwa M. Dokezo likiwa "aliyeolewa", jibu ni MKE. Andika K katika pembe iyo hiyo ya ghorofa ya pili, na E katika ghorofa ya tatu.

Tatu, kitumie Kiswahili chenyewe. Karibu kila neno huishia kwa irabu, kwa hivyo chumba cha mwisho aghalabu huwa na A, E, I, O au U. Dokezo likitaja wingi wa vitu, jaribu VI, MI au MA mwanzoni.

Nne, ukikwama uliza jirani. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania ni Sirari, Tanzania. Gari ambalo Mkenya huliita matatu, Mtanzania huliita daladala. Huenda neno unalolitafuta liko upande wa pili, na mazungumzo hayo nayo huchangamsha akili.

Je, kuna faida kiafya? Mnamo 2022, watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 107 walioanza kuwa na matatizo madogo ya kumbukumbu. Baada ya wiki 78, waliojaza mafumbo ya maneno walikuwa na hali nafuu kuliko waliocheza michezo ya kompyuta. Hata hivyo, yalikuwa mafumbo ya kawaida, na hakuna aliyesema kuwa yanaponya.

Kwa hivyo, mzee akianza kupotea njia anayoijua, kurudia swali lile lile au kushindwa kuhesabu chenji, apelekwe hospitali. Asiitwe mchawi, wala isisemwe kuwa ni uzee tu. Baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama vile upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo na athari za dawa fulani, vinatibika. Aidha, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara na kufanya mazoezi ya mwili husaidia kuulinda ubongo.

Jaza fumbo, msomaji, lakini presha nayo uipime.