HESABU ZETU KWENYE WINGU: TUMWULIZE FUNDI MASWALI

Siku hizi baadhi ya vyama vya ushirika huandika hesabu zao kwa kompyuta au kwa simu. Fundi akija huwaambia wanachama, "Hesabu zenu zitakaa kwenye wingu." Je, wingu hilo ni nini?

Si wingu la mvua. Ni kompyuta nyingi sana zilizopangwa katika majumba makubwa. Wenye majumba hayo huzikodisha, na sisi tunazifikia kwa intaneti. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha kompyuta zake mwaka 2006. Mwaka 2020 ilifungua majumba ya namna hiyo Cape Town, Afrika ya Kusini.

Lakini kompyuta ya kukodi peke yake haitoshi. Programu nayo huchorewa ramani kwanza, kama nyumba. Mwenye kazi hiyo huitwa msanifu wa programu. Yeye hujiuliza: kitu hiki kikiharibika, kazi itaendeleaje?

Tutazame mfano wa Marekani. Kampuni ya Netflix ilikuwa ikiwapelekea watu sahani za filamu kwa posta. Agosti 2008 daftari lake kubwa la kompyuta liliharibika. Kwa siku tatu haikuweza kupeleka filamu. Kumbe mambo mengi yalitegemea mahali pamoja! Kampuni ikaamua kuhamia kwenye kompyuta za kukodi za Amazon. Lakini haikuhamisha tu programu ya zamani. Iliijenga upya kwa vipande vidogo vingi, ili kimoja kikianguka vingine viendelee. Kazi hiyo ilikwisha Januari 2016.

Na kwetu je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika. Intaneti ikasumbua Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Kompyuta za mbali zilikuwa nzima. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika.

Basi, tuseme karani wa chama anapima pamba na mtandao umekatika. Programu iliyosanifiwa vizuri huweka hesabu ndani ya simu kwanza. Mtandao ukirudi, huipeleka yenyewe. Programu mbaya hukwama. Karani hubonyeza tena na tena, na mzigo mmoja huandikwa mara mbili. Siku ya malipo ni ugomvi.

Dawa yake ipo. Kila mzigo upewe namba yake. Namba ile ile ikifika mara ya pili, kompyuta isiiandike tena.

Ndugu wanachama, kabla chama hakijalipa fedha, tumwulize fundi maswali haya:

1. Mtandao ukikatika, karani ataendelea kupima?
2. Karani akibonyeza mara mbili, hesabu itaandikwa mara ngapi?
3. Nakala ya hesabu zetu inakaa wapi, na mmeshajaribu kuirudisha?
4. Nani anaruhusiwa kubadili hesabu, na jina lake litaonekana?
5. Tukiacha kulipa kodi ya kompyuta, tutapewaje daftari letu?

Maswali haya hayahitaji shule kubwa. Fundi anayejua kazi yake atayajibu kwa maneno tunayoelewa, tena atatuonyesha kwa vitendo: azime mtandao mbele yetu, apime gunia moja, tuone. Akishindwa, tusitie saini. Pamba ni yetu na jasho ni letu.