Maradhi ya Parkinson: Kati ya vidonge vya hospitali na mbegu za upupu

MZEE anapoanza kutetemeka mkono katika mitaa ya Likoni, Kisauni au Changamwe, maelezo hayakosekani. Jirani mmoja atasema ni uzee tu. Mwingine atadai ni presha, na wa tatu atanong'ona kwamba ni upepo mbaya au mkono wa mtu. Ni nadra kusikia likitajwa jina la Parkinson.

Hata hivyo, maradhi haya yanazidi kuenea duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nayo mwaka 2019, idadi iliyoongezeka maradufu katika kipindi cha miaka 25. Bondia Muhammad Ali, aliyeteka mashabiki wengi Afrika kwa pigano la Kinshasa mwaka 1974, alitambuliwa kuwa nayo mwaka 1984 na kuishi nayo hadi kifo chake mwaka 2016.

Mfano wa karibu zaidi unatoka nchi jirani ya Tanzania. Mwaka 2006, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, yenye wakazi 161,071 wakati huo. Waliwapata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini hadi watafiti hao walipobisha hodi.

Jina la maradhi haya limetokana na daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyezaliwa Aprili 11, 1755. Mwaka 1817 aliandika maelezo ya wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona barabarani tu mjini London. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Parkinson Duniani.

Kinachotokea ubongoni

Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii hupitisha ujumbe unaouwezesha mwili kutembea, kushika na kugeuka bila kusitasita. Katika maradhi ya Parkinson, seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi. Dalili za mwili zinapodhihirika, sehemu kubwa ya seli hizo huwa tayari zimeangamia.

Umri mkubwa ndio unaochangia zaidi, ingawa vijana nao huweza kuugua. Urithi wa kifamilia una nafasi yake kwa baadhi ya wagonjwa, na tafiti zimehusisha maradhi haya na baadhi ya dawa za kuulia wadudu na magugu mashambani. Si maradhi ya kuambukiza, na wala hayaletwi na jini.

Dalili kuu ni nne: kutetemeka, mwendo wa polepole, kukakamaa kwa misuli na kukosa uthabiti wa kusimama. Lakini dalili nyingine hutangulia kwa miaka kadhaa bila kutiliwa maanani, kama vile kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa, huzuni isiyoisha, na kupiga mateke au kupiga kelele usingizini. Hati ya mkono huwa ndogo, sauti hufifia, na uso hupoteza bashasha.

Mtetemo wenyewe una tabia yake. Aghalabu huanza upande mmoja, na huonekana mkono unapopumzika. Mzee aliyeketi barazani huonekana mkono ukicheza juu ya paja, kisha ukatulia anaponyosha mkono kupokea kikombe cha kahawa. Ikiwa mkono hutulia ukiwa umepumzika na kutetemeka anapoinua kikombe, huenda tatizo likawa jingine kabisa lenye tiba tofauti. Vilevile, si kila mgonjwa wa Parkinson hutetemeka.

Ipo pia hali ya miguu kukwama ghafla kana kwamba imegandishwa sakafuni, hasa mlangoni au penye msongamano. Kwa mkazi wa Likoni anayelazimika kushuka mteremko wa kivuko pamoja na umati unaokimbilia feri, kukwama huko kunaweza kumwangusha na kumvunja nyonga.

Kosa la kuusoma uso

Uso usioonyesha hisia na macho yasiyopepesa huweza kufasiriwa vibaya. Mgonjwa huonekana mwenye kiburi, mlevi au mwenye siri. Katika ukanda wa Pwani ya Kenya, hasa kaunti ya Kilifi inayopakana na Kisauni, wazee wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Katika mazingira kama hayo, kuyafahamu maradhi yanayobadilisha uso na mwendo wa mtu mzima ni jambo la kulinda uhai.

Tiba ya hospitali

Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachothibitisha Parkinson. Daktari hutegemea historia ya mgonjwa, mwendo wake, na jinsi anavyofungua na kufumba vidole. Pia huuliza dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama vile haloperidoli, na hata metoklopramidi inayotumiwa kuzuia kutapika, huweza kuleta dalili zinazofanana na za Parkinson.

Wakazi wa bara la Mombasa wanaweza kuanzia katika hospitali za serikali za Likoni na Port Reitz, kisha wakapewa rufaa kuelekea Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, iliyo kisiwani. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache, na wengi wao hufanya kazi Nairobi.

Dawa kuu ni levodopa. Dopamini yenyewe haiwezi kumezwa ikafika ubongoni, kwa sababu ukuta unaoukinga ubongo huizuia. Levodopa huupenya ukuta huo, kisha ikageuzwa kuwa dopamini humo ndani. Huchanganywa na karbidopa ili isimalizikie njiani.

Njia ya kuifikia dawa hii ilikuwa ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha umuhimu wa dopamini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake huko Vienna waligundua kuwa ubongo wa wagonjwa wa Parkinson ulipungukiwa na kemikali hiyo. Mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alidhihirisha kwamba dozi kubwa zilizoongezwa kidogo kidogo ziliwawezesha wagonjwa kujimudu tena.

Hata hivyo, levodopa hupunguza dalili bila kuyaponya maradhi. Baada ya miaka kadhaa, nguvu yake huisha kabla ya wakati wa kidonge kinachofuata, na baadhi ya wagonjwa hupatwa na mijongeo ya mwili wasiyoweza kuizuia. Licha ya kuwamo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, bado haipatikani kwa urahisi wala kwa bei nafuu katika nchi nyingi zenye kipato cha chini.

Mtazamo wa Ayurveda

Hapo ndipo wengine hugeukia tiba nyingine. Mombasa imepokea watu na bidhaa kutoka Bara Hindi kwa karne nyingi, na dawa za Kihindi si ngeni kwa wakazi wake. Ayurveda, elimu ya tiba ya Wahindi iliyodumu zaidi ya miaka 2,000, hufundisha kwamba afya hutegemea uwiano wa nguvu tatu: vata, pitta na kapha.

Vata hufasiriwa kama upepo, na ndiyo huendesha kila mjongeo mwilini. Inapovurugika, mwili hukauka, hukakamaa na kutetemeka. Maradhi ya kutetemeka huitwa kampavata, yaani mtetemo utokanao na vata. Msomaji wa Pwani atagundua kuwa fikra hii haiko mbali na lugha ya mababu zake, waliosema mtu kapigwa na upepo.

Mganga wa Ayurveda hutumia kukanda mwili kwa mafuta ya uvuguvugu, kurekebisha chakula, kusafisha matumbo na kumpa mgonjwa mitishamba. Miongoni mwa mitishamba hiyo umo mmoja ambao mtoto yeyote aliyelelewa Pwani anaujua: upupu.

Upupu, ambao wanasayansi huuita Mucuna pruriens, unasifika kwa manyoya ya maganda yake yanayowasha ngozi vibaya. Lakini ndani ya maganda hayo mna mbegu, na mwaka 1937 wanasayansi wawili wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliripoti kuwa mbegu hizo zina levodopa. Ni dawa ile ile iliyomo katika vidonge vya hospitali. Wahindi walikuwa wameitumia mbegu hiyo kwa karne nyingi kabla ya yeyote kujua jina la kemikali hiyo.

Mwaka 2004, watafiti mjini London walilinganisha unga wa upupu na vidonge vya levodopa na karbidopa kwa wagonjwa 8. Gramu 30 za unga zilianza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, ilhali vidonge vilichukua takriban dakika 69. Nafuu ya unga ilidumu zaidi, bila kuzidisha mijongeo isiyodhibitika. Utafiti mwingine uliofanywa Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017, ukiwahusisha wagonjwa 18, ulitoa matokeo ya kutia moyo pia.

Hata hivyo, hizo zilikuwa dozi za mara moja moja chini ya uangalizi. Wagonjwa 14 walipopewa unga huo kila siku kwa wiki kadhaa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, nusu yao waliuacha, wengine kwa kuvurugika tumbo na wengine kwa kuzidiwa na dalili.

Ya asili si lazima iwe salama

Historia ya tiba hizi mbili ina fundisho jingine. Ayurveda hutumia pia mzizi wa mmea uitwao sarpagandha, ambao mwaka 1952 ulitolewa kemikali ya reserpini, ikatumika kushusha presha. Kemikali hiyo humaliza dopamini na huweza kuleta dalili kama za Parkinson. Ni reserpini ndiyo Carlsson aliyoitumia kuwafanya sungura wasiweze kusogea, kabla ya kuwaamsha kwa levodopa. Mti wa jamii iyo hiyo huota Pwani ya Afrika Mashariki na umepewa jina la mji huu: Rauvolfia mombasiana. Kwa hivyo, mmea mmoja huweza kumsimamisha mgonjwa ambaye mwingine ungemlaza.

Hatari nyingine ni uchafu wa dawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston, na kukuta 14 zikiwa na risasi, zebaki au aseniki kwa kiwango cha kudhuru. Madini hayo huharibu neva zile zile ambazo mgonjwa anajaribu kuziokoa.

Kuna pia suala la kipimo. Kiwango cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu moja hadi nyingine, na kijiko cha unga hakina maandishi ya miligramu. Anayekula unga wa upupu juu ya vidonge huwa anameza dawa moja mara mbili bila kujua. Huenda akatapika, presha ikashuka akaanguka, au akaanza kuona vitu visivyokuwapo.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha vidonge ghafla baada ya kuahidiwa uponyaji. Mwili unaweza kukakamaa kwa ghafla, joto likapanda na maisha kuwa hatarini. Si hospitali wala Ayurveda iliyothibitisha kuponya Parkinson kabisa.

Pale tiba mbili zinapokutana

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili na tiba mbadala. Mgonjwa hana sababu ya kumficha daktari kwamba anatumia dawa za Kihindi, wala ya kumficha mganga vidonge vyake. Njia salama ni kumpelekea daktari kila kopo na kila pakiti aliyonayo.

Yapo mambo ambayo tiba zote mbili hukubaliana. Mazoezi ya kila siku, yakiwamo kutembea kwa hatua ndefu na kunyoosha viungo, humsaidia mgonjwa kujimudu. Kukanda mwili huweza kulegeza misuli, na mboga, matunda na maji ya kutosha hupunguza kufunga choo.

Muda wa kula nao una uzito. Protini ya samaki, nyama na maharage hushindana na levodopa kufyonzwa mwilini, kwa hivyo aghalabu vidonge humezwa nusu saa au saa moja kabla ya mlo. Kwa Waislamu wa Likoni na Kisauni, swali la saumu ya Ramadhani huzuka hapa, kwa kuwa vidonge hivi humezwa mara kadhaa kwa siku. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asibadilishe saa za dawa kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nyumbani, familia inaweza kuondoa mikeka inayokunjamana, kuweka cha kujishikilia msalani na kumpa mzee muda wa kumaliza sentensi yake. Akikwama njiani, kumvuta huweza kumwangusha. Kumchorea mstari chini auvuke, au kumhesabia hatua, mara nyingi humwondoa hapo alipogandia.