Picha Bila Maelezo ni Nusu ya Picha

Wapiga picha wa ridhaa wa Tabora wakikutana, iwe mtaani Isevya au mjini kati, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye vifaa: lenzi ipi inavuta mwanga vizuri, simu gani inaipiku kamera, mikanda ya filamu inapatikana wapi siku hizi. Ni mazungumzo matamu, ila yanalipita pembeni swali zito: baada ya miaka hamsini, picha hiyo itamwambia nini mtu ambaye hakuwapo? Naamini kinachoiokoa picha ya ridhaa si lenzi, bali maneno machache yanayoambatana nayo: ni nani, wapi, lini, na walikuwa wakifanya nini.

Tabora yenyewe ina ushahidi. Mvumbuzi James Grant, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya wakati huo, pamoja na mwenzake John Speke mwanzoni mwa 1861, alikuwa amepiga picha kwa kamera Unguja, lakini bara akaachana nayo akashika penseli na rangi za maji. Asilaumiwe. Enzi hizo kioo kilipakwa dawa, kikaingizwa ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, kisha kikasafishwa gizani kabla hakijakauka. Fanya hayo katikati ya joto na vumbi la njia ya misafara! Pamoja na hayo, kazi yake inasomeka hadi leo kwa sababu aliandika pia, na mwaka 1864 akatoa kitabu cha safari hiyo. Miongo michache baadaye vifaa vilikuwa bora zaidi. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, aliacha picha nyingi ambazo sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Ni kali kiasi kwamba unaona mikunjo ya sare za askari. Lakini soma maelezo yake: mara nyingi utakuta askari, wapagazi, wanawake, basi. Jina hakuna. Huenda babu wa mtu wa Isevya amesimama pale, na mjukuu akipita mbele yake hatamjua. Ustadi wote ule haukutosha kumrudishia mtu huyo jina lake.

Atatokea wa kusema kwamba simu imemaliza tatizo, maana hujiandikia tarehe na mahali. Kweli, hadi picha itumwe WhatsApp kwa njia ya kawaida: hapo inabanwa, na taarifa hizo hubaki nyuma. Tena hata zikibaki, simu haijui kwamba yule aliyekaa kwenye mkeka ndiye bibi harusi wala kwamba ukuta ule wa udongo ulibomolewa mwaka uliofuata. Mwingine atalalamika kwamba karani na mpiga picha ni watu wawili, na kuandika kunaua raha. Mstari mmoja haujawahi kuua raha ya mtu. Kugombea megapikseli ndiko kunakochosha. Pingamizi lenye uzito ni la faragha, na hilo nalikubali: si kila jina ni la kutangazwa, hasa la mtoto. Lakini jina lililoandikwa nyuma ya picha inayokaa kabatini si tangazo, na kumwomba mtu ruhusa kwanza ni adabu tu.

Na kazi ipo. Reli ya zamani iliyofika Tabora mwaka 1912 sasa inapata mwenzake wa kisasa, SGR, na sura ya mji itabadilika. Ipige kabla haijabadilika, asubuhi au alasiri. Saa sita, chini ya miembe, nyuso huwa nyeusi na ukuta wa nyuma mweupe pe. Na kama nyumbani kuna albamu ya zamani, ipeleke kwa wazee wikiendi hii, waulize majina, uyaandike nyuma ya kila picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya ukatokeza upande wa uso.