Koili Ipi kwa Gari Lililoondolewa Platini?

Land Rover Series III za petroli, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zilitoka kiwandani na platini ndani ya distributa. Platini zikilika, injini inakohoa na fundi anarudi kusaga na kupima mwanya. Kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya platini kinaondoa kazi hiyo. Lakini hakikubali kila koili.

Sababu ni ukinzani wa waya wa ndani ya koili. Alternata ikitoa volti 14, koili ya omu 3 hupitisha ampea zisizofika 5. Koili ya omu 1.5 hupitisha zaidi ya 9, na transista ya kifaa isiyotengenezwa kwa mzigo huo huungua. Ignitor ya kwanza ya kampuni ya PerTronix ya Marekani, kwa mfano, inataka omu 3 kwa injini ya silinda 4 au 6, ilhali Ignitor II imetengenezwa kufanya kazi na koili ya omu 0.6. Vifaa hivi viwili vinafanana kwa umbo, kwa hiyo karatasi ya maelekezo isomwe kabla ya kununua koili.

Kupima ni rahisi. Swichi izimwe, nyaya za koili zichomolewe, mita iwekwe kwenye omu, kisha ncha zake ziguse chanya na hasi. Kwanza ncha zenyewe zigusanishwe: mita ikionyesha 0.3, kiasi hicho kitolewe kwenye jibu. Kwenye namba ndogo hivi, 0.3 si kitu cha kupuuza.

Magari mengine yana risista, au waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa kati ya nyaya nyingine, unaopunguza volti kabla ya koili. Kifaa kipya kichukue umeme wake kabla ya risista hiyo. Kikichukua baada yake, asubuhi ya baridi ya Juni, starta inapoivuta betri, kinaweza kukosa volti za kutosha na gari likagoma kuwaka.

Halafu kuna koili za volti 40,000, zinazosifiwa kuwa zitalipa gari nguvu ya kupanda milima. Kwa injini nzima ya kawaida, sifa hiyo haina msingi. Volti hupanda hadi cheche iruke mwanya wa plagi, basi. Mbeya, kwa mfano, iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inabana hewa pungufu, na cheche huruka kwa urahisi zaidi kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwa uhaba huo wa hewa, na hakuna koili inayoirudisha. Fedha hiyo ni bora iende kwenye plagi mpya na kabureta iliyorekebishwa.

Tahadhari moja inawahusu hasa wanaokwama Mlima Kitonga, lori likiharibika na foleni ikasimama. Injini ikizimika, swichi nayo izimwe kabisa. Swichi ikibaki imewashwa, vifaa vingi vya aina hii huendelea kupitisha umeme kwenye koili hata injini ikiwa kimya. Koili inachemka, na kifaa kinaweza kuungua kabla foleni haijasogea.