Mafundi wa Jua Wahitajika Bujumbura
Mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, unasifika kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Humo kijana hujifunza kwa kumtazama mkubwa wake, spana mkononi, mpaka sikio lake litambue ugonjwa wa injini. Umeme wa jua, lakini, hauna mngurumo. Mwaka 2021 kituo cha Mubuga, karibu na Gitega, kilianza kuzalisha megawati 7.5 kwa jua, na paneli zimepanda juu ya mapaa ya raia pia. Wa kuzitunza ndio haba. Paneli huweza kudumu zaidi ya miaka 20. Betri ya asidi, ikimalizwa chaji kila usiku, hufa mapema, na lawama hutupiwa jua! Nyumbani kwa askari aliye zamu taa huzimika, watoto wakafunga vitabu. Betri hiyo isitumiwe kupita nusu ya chaji yake. Yenye vifuniko huongezwa maji ya betri, si ya bomba. Kijana wa Buyenzi ayajua hayo tangu gereji. Asichokijua ni hesabu ya wati na ampea, na kusoma kifaa cha kudhibiti chaji, ambacho hueleza ugonjwa wake kwa tarakimu tu.