Flashi Haijafa, Imeshikwa

Ingia saiba yoyote ya Bungoma mjini au ya Kitale siku ya Alhamisi, utakuta watu wamesimama na flashi mkononi. Mmoja amebeba programu ya mazishi ya babu yake, na nakala zinatakiwa zitoke kabla ya Ijumaa jioni. Mwingine ana mradi wake wa mwaka wa mwisho chuoni. Nyuma yao yuko mwalimu aliyekuja na matatu kutoka Kiminini, na mitihani ya darasa lake haipo popote ila mle ndani ya flashi. WhatsApp ipo, barua pepe ipo, lakini faili nzito na faili za siri bado husafiri mfukoni. Kwa hiyo fundi anapoichomeka flashi, akaitazama skrini kidogo, kisha akatamka, "Hii imekufa, tuipige fomati," mtu aliye mbele ya meza huishiwa nguvu.

Kuna hali moja ambayo hukumu hiyo mara nyingi huwa ya haraka mno: flashi ilikuwa nzima, ikatumiwa ndani ya kompyuta pepe, na tangu hapo Windows haiioni tena. Katika hali hiyo faili kwa kawaida ziko salama kabisa. Hasara huanza pale mtu anapokubali fomati.

Kompyuta pepe ni programu inayoigiza kompyuta nzima. Laptopu yako ina Windows; unafungua VirtualBox au VMware, na ndani ya dirisha lake inawaka Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, yenye diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya mtandao, vyote vya kuigiza. Windows ya nje huitwa mwenyeji, Ubuntu ya ndani huitwa mgeni. Mwanafunzi wa teknolojia ya habari, awe Kibabii au Kitale National Polytechnic, huipenda njia hii kwa kuwa hana fedha za mashine ya pili, na akikosea ndani ya mgeni laptopu yake haidhuriki. Mafundi wa saiba nao wana sababu yao. Vile virusi vinavyoficha folda za mteja na kuacha njia za mkato mahali pake vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Fundi hodari huipitisha flashi kwa mgeni wa Linux, ambako virusi hivyo haviwezi kukimbia na folda zilizofichwa zinaonekana zote. Ni kazi nzuri, inayookoa faili za watu wengi. Taabu huja baadaye, mgeni akishazimwa.

Tuanze na faili zenyewe, maana ndizo zinazomkosesha mtu usingizi. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walieleza transista yenye kipande kidogo sana cha kupitisha umeme, kilichozungukwa pande zote na kihami. Elektroni zikisukumwa hadi ndani ya kipande hicho hubaki humo hata umeme ukikatwa, kwa sababu hazina pa kutokea. Juu ya wazo hilo Fujio Masuoka wa Toshiba, huko Japani, alijenga kumbukumbu ya flashi. Aliiwasilisha mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika flashi za leo, ikafuata mwaka 1987. Kuziingiza elektroni au kuzitoa kunahitaji volti kubwa kuliko ile ya kusoma, na chipu huitengeneza yenyewe pale tu inapoamriwa kuandika au kufuta. Kukosa kuonekana kwenye skrini si amri ya kufuta. Programu ya mazishi ya babu ingali palepale, imefungiwa ndani ya silikoni, hata kama Windows haioni kitu.

Kilichoharibika ni kutambulishana. Kanuni za USB, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na kundi la kampuni zikiwemo Intel, Microsoft na IBM, zimeweka utaratibu mkali wa kufuatwa kila kitu kinapochomekwa. Kwanza flashi hupata umeme wa volti 5, na ndiyo maana taa yake huwaka hata ikiwa mambo mengine yamekwama. Kisha kipingamizi kidogo cha umeme kilicho ndani yake huinua volti katika moja ya nyaya za data, na hapo kompyuta hujua kuna kitu kimefika. Kompyuta huuliza: wewe ni nani? Flashi hujibu kwa baiti 18 zenye namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, pamoja na maelezo mengine machache. Hupewa anwani kati ya 1 na 127. Baada ya hapo hueleza ni kifaa cha aina gani, na kompyuta huitafutia draiva inayofaa, yaani programu ndogo ya kuwasiliana na kifaa cha aina hiyo. Draiva ikishakaa mahali pake, ndipo herufi ya E au F inapojitokeza. Yote hayo huchukua muda mfupi tu, na mtumiaji hasikii ila ule mlio wa Windows. Kompyuta pepe huingilia hatua ya mwisho, ya draiva.

Haiingilii kwa ubaya. Wazo la kompyuta ndani ya kompyuta lilikomaa katika kituo cha IBM cha Cambridge, Massachusetts, ambako mfumo wa CP-40 ulianza kutumika mwaka 1967 ili watu kadhaa wagawane mashine moja ya bei ghali, kila mmoja akijiona ana ya kwake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliyaweka masharti ya jambo hilo kwenye karatasi. Mgeni afanye kazi kama angefanya kwenye mashine halisi. Maagizo yake mengi yaende kwa prosesa bila kucheleweshwa. Na programu msimamizi, yaani ile inayowaendesha wageni, iwe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote za mashine. Kwa muda mrefu prosesa za Intel zilionekana hazifai kwa masharti hayo, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulitaja maagizo 17 ya Pentium yaliyoyakiuka. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuwa tayari imepata njia ya kuyatafsiri maagizo sumbufu papo hapo, na bidhaa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1999. Ugunduzi huo ulisaidia kufungua njia ambayo leo mwanafunzi wa Bungoma anawasha Ubuntu ndani ya laptopu ya mtumba.

Sharti la mamlaka ndilo linaloigusa flashi moja kwa moja, na sababu yake inaeleweka ukifikiria ghala la mahindi pale Kitale wakati wa mavuno. Ghala lina makarani wawili, kila mmoja ana daftari lake, na hakuna anayeliona la mwenzake. Wa kwanza daftari lake linamwambia kona ya kushoto ni tupu, anaagiza magunia yaliyofika kutoka Cherangany yapangwe hapo. Wa pili, ambaye daftari lake pia linasema kona hiyo ni tupu, anaagiza ya Saboti yawekwe palepale. Jioni kila daftari linasomeka vizuri, lakini hakuna anayejua gunia gani ni la nani. Mfumo wa faili ndio daftari la flashi, na kila kompyuta hushika nakala yake kwenye kumbukumbu wakati wa kazi. Windows na Ubuntu zikiandika juu ya flashi moja kwa wakati mmoja, faili zitaharibika kweli. Ndiyo maana VirtualBox ikimkabidhi mgeni flashi, humnyima mwenyeji. Huiondoa draiva ya kawaida ya hifadhi na kuweka yake. VMware nayo ina huduma inayofanya kazi chinichini ikiamua kila kifaa kiende upande gani.

Flashi ilitakiwa irudishwe mgeni anapoiachilia. Wakati mwingine hairudi. Mgeni aliganda, au dirisha lilifungwa kwa pupa. Au stima ilipotea, kama inavyoweza kutokea mvua ya alasiri inaposhuka kutoka upande wa Mlima Elgon, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ikazima flashi ingali mikononi mwa mgeni. Asubuhi taa ya flashi inawaka, mlio unasikika, herufi haipo.

Jaribio la kwanza halina gharama: ichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwekewa kompyuta pepe, iwe hata ya saiba jirani. Ikifunguka huko, jambo limekwisha kujulikana. Flashi ni nzima, shida iko kwenye laptopu. Nakili faili kwanza, ndipo urudi kuitibu laptopu bila wasiwasi.

Tiba nayo mara nyingi ni fupi. Zima mgeni kwa njia yake ya kawaida, funga VirtualBox au VMware kabisa, chomoa flashi, kisha uiwashe Windows upya kwa kuchagua Restart. Ninasisitiza Restart. Tangu Windows 8, mashine nyingi zinapozimwa kwa Shut down huhifadhi hali ya kiini cha mfumo pamoja na draiva zake ili ziwake haraka kesho yake, na draiva iliyokwama huamka nazo. Watu wengi huzima na kuwasha usiku kucha na kuona hakuna kilichobadilika, kumbe mfumo haujawahi kuanza upya.

Ikiwa flashi hupotea kila mara mgeni anapowashwa, angalia vichujio vya USB katika mipangilio ya mgeni huyo. Kichujio cha VirtualBox kisichoandikwa namba ya mtengenezaji wala ya bidhaa hukamata kila kifaa kinachochomekwa. Kifute, au ukiandikie namba za flashi moja tu unayotaka apewe mgeni. Kwa VMware, zima lile chaguo la kumuunganishia mgeni vifaa vipya vya USB bila kuuliza.

Bado haionekani? Fungua Device Manager flashi ikiwa imechomekwa. Ukiona kifaa kinachoitwa VirtualBox USB au VMware USB Device, umempata aliyeishika. Kiondoe hapo hapo, chomoa flashi, ichomeke tena, na Windows itaanza utambulisho upya kwa draiva yake yenyewe. Kama ulishaifuta programu ya kompyuta pepe na tatizo likabaki, huenda iliacha kipande cha draiva nyuma. Njia ninayoiamini ni kuiweka upya programu hiyo, kisha kuiondoa kwa utaratibu kamili na kuwasha mashine upya. Kuna wanaofuta vipande hivyo kwa mkono ndani ya sajili ya Windows. Kosa dogo humo linaweza kuua kinanda na kipanya kwa pamoja, na sioni sababu ya kuanzia huko.

Mara nyingine draiva iko sawa ila herufi ndiyo iliyokosekana. Disk Management itaonyesha flashi ikiwa na ukubwa wake sahihi, na utaipa herufi kwa kuibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Lakini ukikutana na ujumbe wa Code 43, unaosema Windows imeshindwa kusoma maelezo ya kifaa, hapo uwezekano mwingine unaingia: flashi ilishindwa kujibu lile swali la kwanza. Jaribu soketi nyingine, bila waya wa kurefusha. Ujumbe huo ukitokea kwenye kila kompyuta, lawama haiko kwa kompyuta pepe tena, na faili za thamani zipelekwe kwa mtu mwenye vifaa vya kuzitoa.

Iko hali ya mwisho, inayowapata zaidi wanafunzi. Windows inaiona flashi, inaipa herufi, kisha inatoa ule ujumbe wa kutaka uifomati kabla ya kuitumia. Usikubali. Inawezekana flashi ilifomatiwa ndani ya Ubuntu kwa mfumo wa ext4, ambao Windows haiusomi yenyewe, ikaona daftari isiloelewa na kudhani hakuna kitu. Naamini kila mwalimu anayefundisha kompyuta pepe anapaswa kulisema hili siku ya kwanza ya somo, kabla mradi wa mtu haujapotea. Mwashe mgeni wa Ubuntu, mpe flashi, unakili faili zote hadi diski ya laptopu kupitia folda ya pamoja, na uzifungue moja moja uone zinasomeka. Baada ya hapo ndipo unaweza kuifomati kwa mfumo wa exFAT, ambao Windows huusoma, na Linux nayo huusoma tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019.